Anwani Yangu ni Hapa

Kamati ya harusi ya mdogo wangu ilinipa cheo ambacho hakuna mwingine aliyekitaka: mkuu wa mawasiliano. Ningeweza kutulia, nikawa natuma ujumbe wa kukumbushia michango kila Ijumaa. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba kompyuta yoyote ya nyumbani inaweza kugeuzwa seva bila kulipa hata senti, nikalisema hilo kikaoni. Ukiitamkia kamati ya harusi maneno "bila kulipa", hakuna anayekuuliza swali la pili.

Nikapakua XAMPP. Humo ndani mna Apache ya kupokea wanaobisha hodi, MariaDB ya kutunza taarifa, na vikorokoro vingine. Unabonyeza kitufe, Apache inageuka kijani, basi una seva. Yangu iliwaka kidogo ikazimika, maandishi mekundu yakaniambia poti namba 80 ina mtu. Poti 80 ndio mlango ambao kivinjari huuendea chenyewe kwa anwani ya http usipokielekeza kwingine. Saa mbili nzima nikamsaka huyo mpangaji, nikamkuta: programu kuukuu ya simu za video, nilishasahau kama ipo, imejikalia mlangoni, haipokei wageni wala haipishi njia. Nikaifuta. Kijani!

Nikaingia kwenye folda ya htdocs, nikafuta kurasa zilizokuja na programu, nikaweka zangu: picha ya maharusi, ukumbi, orodha ya ahadi na nani kalipa. Nikaandika localhost kwenye kivinjari. Ukurasa ukafunguka kabla sijainua kidole. Mimi ambaye nimezoea kungojea picha moja mpaka chai inapoa! Kasi ile ingemtia shaka mtu mwenye akili. Mimi nilijipongeza, nikaandika kwenye grupu la WhatsApp: "Ndugu wanakamati, tovuti yetu iko hewani. Ingieni http://localhost."

Mwenyekiti: haifunguki. Mhazini: haifunguki. Nikawashauri waongeze bando. Wakaongeza. (Hela hiyo bado wananidai.) Kisha akaja shangazi, ambaye simu yake inazungumza Kiswahili: "Mwanangu, mbona imeniandikia kwamba imekataa? Wengine pia imewakataa au ni mimi tu? Kama ni ile elfu hamsini yangu, semeni waziwazi, msinitangaze kwenye mitambo."

Nilikuwa katikati ya kumbembeleza shangazi, mpwa wangu anayesomea kompyuta akaandika: "Mjomba, mimi imefunguka. Lakini mbona naona kazi yangu ya chuo?"

Nikajua nimeibiwa. Nilimpigia simu kwa sauti ya mtu anayeelekea polisi. Kijana akaja nyumbani jioni ile ile, akavua viatu, akaangalia kioo cha kompyuta, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mjomba, localhost si jina la mahali. Ni 127.0.0.1, anwani ambayo kila kompyuta hujiitia yenyewe. Ni kama umealika watu kwako ukawaambia unakaa Hapa. Kila mtu kaangalia pale alipokaa. Kwangu mna seva, ndiyo maana nimekuta vitu vyangu. Simu ya bibi haina seva, imemwambia ukweli."

Akaniandikia anwani ya kweli, inayoanza na 192.168, akairuhusu Apache kwenye ngome ya Windows, na simu ya mke wangu ikafungua. Ila, akasema, hiyo inaonekana kwa waliounganishwa na ruta yetu tu. Yaani kamati ikitaka kuona tovuti, ije sebuleni kwangu.

Ikaja. Watu kumi na wanne, na soda zao juu yangu. Kabla hawajafika, mpwa alinisimulia kwamba seva ya kwanza kabisa ya wavuti, ile ya Tim Berners-Lee pale CERN mwaka 1990, ilikuwa kompyuta moja ya NeXT iliyobandikwa karatasi yenye wino mwekundu: hii ni seva, usiizime. Nikacheka, nikasema hao wazungu wana wasiwasi.

Kompyuta yangu ni ya mezani, haina betri. Mwenyekiti alikuwa anashuka kwenye orodha ya ahadi, simu mkononi, shemeji akapita kimya kimya na gauni begani. Soketi ya sebuleni ni moja. Akachomoa, akachomeka pasi.

Mhazini hakusema neno. Alitoa daftari lake la kaunta chini ya kiti, akalamba kidole, akaendelea kusoma kutoka jina lile lile.

Harusi imefanyika, michango yote ililipwa isipokuwa elfu hamsini ya shangazi. Anasema hatoi mpaka nimfungulie.