Pipa la Shimanzi na Pipa la Kompaila

Lugha ya programu inayotumia objekti, kama C# au C++, hugeuza nambari kamili kuwa ya desimali bila kuagizwa, lakini haijui pipa ni nini. Anayetaka ijue hutunga aina yake mwenyewe, kisha huiandikia kanuni ya kuigeuza kuwa aina nyingine. Shimanzi, Mombasa, penye matangi ya mafuta, maghala na malori yasiyoachia mkokoteni pa kupita, kanuni hiyo ina nafasi tele ya kwenda mrama.

Tuseme programu ya ghala ina aina mbili, Pipa na Lita. Pipa linalobiringishwa na mahamali hubeba kiasi cha lita 200. Lile la bei ya dunia ni la lita 159 hivi, na hakuna hamali aliyewahi kulibiringisha, maana liko kwenye hesabu tu. Mtunzi aliyezoea kusoma bei huandika 159. Jioni, kila pipa limezidi kwa lita 41 zisizo na risiti. Anashukiwa karani, anashukiwa utingo, na mlinzi anaulizwa alilala saa ngapi. Kompaila, inayotafsiri msimbo kwa ajili ya mashine, haiulizwi neno.

C# hutoa njia mbili. Kanuni yenye neno `implicit` hufanya kazi kimyakimya. Yenye `explicit` hungoja mwandishi ataje kwa mkono wake aina anayoitaka. Ya kimya yafaa pale tu ambapo hakipotei kitu. Lita 350 zikigeuzwa kuwa mapipa mazima, hubaki pipa moja na lita 150 huyeyuka, kwa hiyo hapo ni lazima kuomba waziwazi.

C++ ina mtego wake: konstrakta (sehemu inayounda objekti) inayopokea kitu kimoja huwa kanuni ya ugeuzi hata kama mtunzi hakukusudia. Karani huandika `agiza(20)` akiwaza mtungi wa lita 20 wa dizeli ya jenereta. Metodi inangojea Pipa. Kompaila inaridhika, na lori linashusha mapipa 20 mlangoni. Neno `explicit` mbele ya konstrakta lingezuia ugeuzi huo, na tangu C++ ya 2011 neno hilo huwekwa hata kwenye kanuni za ugeuzi zenyewe. Java imekataa kabisa kanuni za namna hii, na hasara yake si kubwa.

Lita kuwa kilo ni jambo jingine, kwani jibu hutegemea aina ya mafuta na joto, na jua la Mombasa huyavimbisha. Mwaka 1983 ndege ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu lita ziligeuzwa kwa namba ya ratili, 1.77, badala ya ya kilo, takriban 0.8. Ilipakia chini ya nusu ya iliyohitaji, ikateleza bila injini hadi Gimli, Kanada, na abiria wote walipona. Ugeuzi kama huu usiandikwe kama kanuni. Uwe metodi ya kawaida inayodai kwanza uzito wa kila lita na kipimo cha joto, hata dereva akipiga honi getini.