Anakaribia

Muhula uliopita kitinda mimba wangu, aliye gredi ya nne, aliniletea ripoti ya shule akiwa ameificha ndani ya soksi. Soksi peke yake ilinitosha kujua habari. Nikaikunjua ripoti nikitafuta nambari, maana mimi ni zao la 8-4-4, ule mfumo ulioanza 1985, ambapo mtoto aliitwa kwa nafasi yake kabla ya jina. Mimi nilikuwa wa 41 kati ya 43, na mmoja wa wale wawili walionifuata alikuwa kwao akiugua tetekuwanga.

Nambari haikuwepo. Tangu mtaala wa umilisi uanze mwaka wa 2019, watoto hawapangwi foleni: mmoja anazidi matarajio, mwingine anayafikia, mwingine anayakaribia, na yuko aliye chini yake. Wangu, kwenye hisabati, muhula wa kwanza alikuwa chini. Sasa anakaribia.

Nikamsomea mama mkwe, mtu aliyekulia upande wa Garba Tula nyuma ya ngamia. Akatua kikombe.

"Anakaribia, lakini hajafika?"

"Hajafika, mama."

"Basi atembee. Chai tutamwekea."

Tukachinja kuku. Jirani akachungulia uani kuuliza nani anaolewa. Nikamwambia ni hisabati.

Neno hilo likahamia kwetu moja kwa moja, likafika mpaka kwenye kazi yangu. Nauza maziwa ya ngamia. Yanaingia mjini Isiolo kutoka upande wa Kulamawe, sisi kina mama tunayapokea, tunayapakia basi la asubuhi mpaka Eastleigh, Nairobi, kama kilomita 270. Adui yetu ni joto. Kipimo ni pua: unafungua kifuniko, unavuta pumzi, na wenzako wanakutazama uso kusoma matokeo. Basi likishapanda Timau, ambako abiria huanza kutafuta majaketi, mimi huku nashusha pumzi, kwa sababu baridi ile ndiyo friji yangu na haidai stima. Nilipoanza, simu ya saa kumi jioni ilikuwa tanzia: mitungi mitatu imechacha, malipo nusu. Siku hizi huweza kupita wiki mbili bila lawama.

Alhamisi moja nikashikwa na homa, nikamtuma Baba Watoto apeleke mitungi mitano steji. Yeye na mabasi wana historia. Mara ya kwanza alilikosa. Mara ya pili alilipata, ila lilikuwa la Marsabit. Safari hii alirudi saa moja unusu akitabasamu, risiti ya mzigo mkononi. Basi la Nairobi, saa ile ile, mitungi mitano. Pamoja na homa yangu niliamka nikamkaangia mayai.

Saa kumi simu ikalia.

"Dada," akasema mama anayenipokelea maziwa Eastleigh, kwa upole wa mtu anayebana kicheko, "leo ngamia wako walikunywa sana?"

Mtungi wa tano ulikuwa maji. Yale niliyokinga Jumatano mfereji ulipokubali kutoa, katika mtungi wa manjano usiotofautiana na wenzake. Yamepanda Timau, yamepita Nanyuki, yamelipiwa nauli hadi Nairobi, wakati mimi mwenyewe sijatoka Isiolo tangu Idi.

Na maziwa je? Nikakimbilia uani. Sare ya shule ilikuwa imeanikwa, na mbuzi wa jirani amesimama chini yake akilamba mkono wa shati kwa utulivu mkubwa. Beseni lilikuwa jeupe.

"Hukuona ni maziwa?" nikamuuliza mwanangu aliyeifua.

"Nilidhani umeshanitilia sabuni, mama."

Lita ishirini. Nikakaa juu ya kinu, nikakosa hata la kusema. Mama mkwe, kutoka mkekani, akaanza kumhoji mwanawe.

"Basi lilikuwa lenyewe?"

"Lenyewe."

"Mitungi ilikuwa mitano?"

"Mitano, mama, ila mmoja…"

"Anakaribia," akakata kesi, akaomba chai.

Usiku nikaagiza mitungi ya maziwa ifungwe kitambaa chekundu, nikalala. Alfajiri nikaikuta yote sita ina vitambaa, ule wa maji umefungwa mafundo mawili. Baba Watoto akanieleza, taratibu kama mwalimu, kwamba huo wenye mawili ndio tofauti.