Bibi Cherehani Anajibu: Vibendera Vimenishinda

Bibi Cherehani,
Mimi ni mwalimu wa sanaa hapa Tanga. Darasa langu limeshona vibendera vya kanga vya kupamba mahafali. Kanga niliitoa kwenye kabati la mama mkwe bila kumwambia. Jina lake: HASIDI HANA SABABU. Tulipotundika, chenye HASIDI kikaangukia juu ya kiti cha mgeni rasmi. Mama mkwe naye alialikwa. Nifanyeje?
Mkwe Mashakani

Mkwe,
Una mashtaka mawili, na la mgeni rasmi ndilo dogo. Anayenunua doti ya kanga amenunua vipande viwili, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujitanda. Wewe umekata kimoja. Sasa mama wa watu kila akifungua kabati anamkuta mjane. Kamnunulie doti nzima, na ukifika dukani usirukie rangi, soma jina kwanza. Anayeomba radhi kwa kanga ya kijembe ametangaza vita upya.

Wanaokusudia kufuata nyayo zako wajue hivi: pindo la kanga huzunguka pande zote nne, katikati ni mji, na jina hukaa ndani ya mji, upande wa chini. Kata kwanza ukanda wenye jina, uweke kando. Pembetatu zitoke kwenye mji na pindo. Ule ukanda utundike mzima, ili kila mtu aone kwamba hasidi ni wa kanga, si mgeni rasmi.

Bibi,
Nimekata pembetatu za kitenge kwa kipimo kimoja, lakini zikishashonwa kila moja ina urefu wake, na ncha zimekuwa butu. Jirani anauliza kama ni soksi.
Mvumilivu, Kiwalani

Mvumilivu,
Jirani yako ana macho. Upande wa juu wa pembetatu ukiulaza sambamba na nyuzi, zile pande mbili zinazoshuka huenda mshazari, na mshazari huvutika. Wewe unakivuta kitambaa nyuma ya sindano kama unavuta mbuzi mnadani. Kiache, meno ya cherehani yanakisukuma yenyewe. Weka vipande viwili uso kwa uso, shona pande mbili ukiacha sentimita moja ya mshono, juu pabaki wazi. Ukifika kwenye ncha, acha sindano ndani, inua mguu wa cherehani, geuza kitambaa, endelea. Kabla ya kupindua, punguza ile nyama ya kitambaa kwenye ncha bila kugusa uzi. Halafu sukuma ncha kwa kijiti butu, si kwa mkasi, nakuona. Piga pasi ndipo uvibane ndani ya utepe.

Na kama unazipanga zote zikitazama chini, upangaji wako ni wa kitajiri. Kwenye ukanda wenye upana wa sentimita 150, pembetatu zenye upande wa juu wa sentimita 20 hutoka 7 zikitazama chini zote. Zipange moja juu moja chini, zitatoka 14. Ila kama kitenge kina kuku, nusu ya kuku watatembea kwa vichwa.

Bibi,
Fundi kasema vibendera vitakuwa tayari Alhamisi. Hakusema ipi.
Msubiri

Msubiri,
Kazi hii hata mtoto anashona. Usimpe fundi kazi, mwombe vipande. Chini ya meza yake kuna mfuko wa mabaki ya vitenge vya mtaa mzima, na atashukuru ukiutoa.

Bibi,
Mvua imenyesha, kibendera chekundu kimechujia cheupe. Nimeambiwa niloweke kwenye chumvi.
Waridi

Waridi,
Chumvi peleka jikoni. Rangi iliyokwisha kutoka haitarudi kwa chumvi. Kitambaa huoshwa kabla ya kukatwa, chekundu peke yake, mara kwa mara mpaka maji yatoke safi. Ukiosha kabla, kikitaka kuruka kitaruka mapema, si baada ya kushonwa. Hivyo vya waridi vipeleke kwenye harusi, wataamini ulikusudia.

Wenye barua za mapenzi wapeleke ukurasa mwingine. Na mnaoniletea vitambaa bahashani, tafadhali, viwe vimefuliwa.