Sufuria Haina Viza

Mpango ulikuwa wangu. Nakiri mapema kabla Shangazi hajalisema yeye. Wiki moja Dénia, mji wa pwani ya mashariki ya Hispania, kwenye nyumba ya kupanga ambamo mgeni anajipikia mwenyewe. Watu watano, milo mitatu, siku saba: sahani 105. Tukizila hotelini, nilimweleza mke wangu, tutarudi Leeds kwa miguu. Nilikuwa na jedwali, tena la rangi. Akalisoma hadi chini.

"Baba Salma, hizo sahani 105 anapika nani?"

Jedwali halikuwa na safu ya hilo. Shangazi ndiye aliyetuokoa, kwa sharti moja: asafiri na sufuria yake. Ni ya alumini, pana, imekula moto wa kuni Korogwe kabla mimi sijazaliwa. Na sufuria ya Shangazi haisafiri tupu. Ndani tukashindilia kilo nne za unga wa sembe, bizari ya pilau na mwiko.

Uwanja wa ndege, mashine ya ukaguzi ikagoma kutuachia. Ofisa akafungua begi, akakuta mifuko ya nailoni yenye kitu cheupe, imefungwa fundo. Nikamnong'oneza Shangazi aseme ni chakula tu. Shangazi hanong'oni.

"Kwani nimeiba? Unga ni wangu! Wote ni wangu!"

Ofisa hakuelewa neno. Lakini nyuma yetu kulikuwa na kijana mwenye jezi ya Yanga. Akatutazama, akautazama unga, akahamia foleni nyingine bila kutusalimu. Ofisa akapitisha kitambaa chake juu ya mifuko, akakiingiza kwenye kimashine, akatuachia. Yule kijana hata ndani ya ndege alijifanya Mjamaika.

Kutoka Alicante kuna treni ndogo inayofuata bahari. Unabadilisha Benidorm, na safari yote inakula muda wa saa tatu hivi. Tulifika Jumamosi usiku. Mpango wangu ulisema: Jumapili, kununua mahitaji. Jumapili duka la jirani lilikuwa limefungwa kama kaburi. Sawa, tuna unga.

Tangazo la nyumba liliahidi jiko lenye vifaa vyote. Tulikuta glasi za mvinyo 24, kisu kimoja cha siagi, na jiko la kioo cheusi linalong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Shangazi akabandika sufuria, akabonyeza. Jiko likalia pii, likazima. Akafuta kioo, akasema bismillahi, akabonyeza tena. Pii. Nikamwandikia mwenye nyumba. Jibu lake lilikuwa fupi: chukueni sumaku ya kwenye friji, iwekeni chini ya chombo, isiponata, jiko halitakitambua.

Ile sumaku ilikuwa na picha ya Montgó, mlima wa mita 753 unaousimamia mji. Tukaiweka chini ya sufuria. Montgó ikaanguka.

"Sufuria imelisha ukoo mzima," Shangazi akasema, "leo inakataliwa na kioo?"

Chombo pekee kilichonata kilikuwa kikaango cha paella, kipana kama ungo na kina chake ni vidole viwili. Humo ndimo ugali ulimosongwa. Ulitoka mwembamba, nusu chapati, na mwingine ukarukia ukutani. Bibi wa roshani ya pili alikuwa akitazama. Watu wa huku paella ikitiwa kisichostahili huiita wali wenye vitu. Yetu haikuwa hata na wali.

Jumatatu sokoni Shangazi alifufuka. Akasema sukari, wakampa azúcar. Akasema zeituni, wakampa aceituna. Limau, limón. Nilimweleza kwamba Waarabu walitawala hapa karne nyingi, na mji wenyewe waliuita Daniya. Hakunisikiliza, alishaamua kuwa hawa ni watu wa Tanga waliopotea. Undugu ulikufa kwenye meza ya kamba wekundu, fahari ya Dénia, alipotajiwa bei: euro 120 kwa kilo.

"Wana digrii?" akaniuliza.

Akajifariji kwa horchata, kinywaji baridi cheupe kama maziwa, akanywa glasi mbili. Ya tatu ndipo nilipomwambia kinatokana na viazi vidogo vya jamii ya ndago. Akaishusha glasi polepole. Maisha yake yote ya Korogwe amepigana na ndago kwa jembe.

Kwa hiyo ule mpango wa sahani 105 uliishia kwenye mikate, nyanya, na mgahawa wa pembeni ambao mhudumu wake alishajua majina ya watoto. Jedwali sikulifungua tena. Sufuria ilishinda ufukweni, Salma na mdogo wake wakifinyangia ngome za mchanga.

Tuliporudi uwanja wa Alicante, mashine ikagoma tena. Ofisa akafunua sufuria: kilo mbili za ndago kavu, za kwenda kuwaonyesha watu. Akacheka, akatupisha.

Shangazi akafunika sufuria yake, akaifunga kwa kanga.

"Mwakani," akasema, "tunakuja na jiko letu."