Mjomba Hajaulizwa: Konda, Nishushe Hapo Mawinguni

Shule zinakaribia kufungwa na, kama kila Desemba, barua zenu zimeacha habari za mawifi na marejesho ya vikoba, zimepanda ndege. Nimechagua nne. Nyingi kati ya zilizobaki zinauliza kama parachuti hukodishwa.

*

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Tabata, baba wa watoto wawili, na mtaani naheshimika. Mke wangu amebahatisha tiketi za ndege za bei nafuu, twende Mwanza likizo kwa wazazi wake, sote wanne. Sijawahi kupanda. Nimemwambia mgongo unaniuma. Nikamwambia basi lina faida ya kuiona nchi. Juzi nikamwambia ndege zinaua betri za simu. Usiku naota nimefungwa mkanda na pangaboi limesimama, naliona kabisa mbavu zake. Nifanyeje bila familia kujua?*
*— Mwenye Roho Mkononi*

Marahaba, Roho Mkononi. Tuanze na hiyo nchi unayotaka kuiona. Kutoka Dar hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, nami nawajua abiria wa aina yako. Mkishapita Chalinze mnalala midomo wazi. Mnaamka Morogoro kuuliza kama ni Dodoma, mnalala tena, mnaamka Singida kuulizia kuku. Nchi mmeiona saa ngapi? Kwa ndege ni kama saa moja na nusu, na ukiangalia chini utaiona yote, ikiwa utafumbua macho.

Hutafumbua, najua. Hata mimi sikufumbua.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa Dar kwenda Unguja, enzi hizo nina nywele. Tulipakiwa kwenye kindege cha injini moja, hatufiki watu kumi na watatu, na kwa sababu ya tumbo langu wakanipangia kiti cha mbele ili uzito ukae sawa. Hilo walilitangaza kwa sauti. Rubani alikuwa karibu nami kiasi kwamba niliuona uzi uliochomoka kwenye kola ya shati lake, na njia nzima niliutazama ule uzi kana kwamba ndio ulioishika ndege. Ardhi ilipokwisha na bahari kuanza, mkono wangu ukakamata kitu cha kwanza ulichokikuta. Kilikuwa mtandio wa bibi aliyeketi kando yangu. Bibi wa watu hakukasirika. Akasema taratibu, "Mwanangu, huo hautakushika. Ni shifoni."

Hapohapo kindege kikapiga shimo moja. Nami, mbele ya abiria wote na watoto wao, nikapaza sauti: "Dereva, shusha hapo!"

Rubani akageuka, akaniuliza kwa adabu zote kama najua kuogelea.

Safari nzima ilikuwa dakika ishirini, lakini lile neno nimelitafuna miaka. Hebu fikiri tunavyosafiri siku zote. Daladala lina tairi kipara, dereva anapokea simu, mtu ananing'inia mlangoni kama nguo kwenye kamba, nasi tumetulia. Kwa nini? Kwa sababu tunaruhusiwa kugombana. "Suka, hujabeba mihogo hapa!" "Konda, mwambie mwenzio apunguze!" Dereva hapunguzi hata kidogo, lakini sisi tumeshika usukani kwa midomo. Na mambo yakizidi, unagonga bati, unashuka Buguruni, unapanda jingine. Ndege haina bati la kugonga. Rubani yuko nyuma ya mlango uliofungwa, konda wake ni binti anayetabasamu na kukuuliza utakunywa nini.

Kwa hiyo usiniambie unaogopa kufa. Anayeogopa kufa hapandi bodaboda mishikaki usiku wa mvua bila kofia ngumu. Wewe unaogopa kukaa kimya. Dawa yake ni kujipa kazi, na bahati nzuri umekuja na ufundi wako.

Kazi yako ni kusikiliza. Muda mfupi baada ya kuiacha ardhi utasikia "gudu!" chini ya miguu. Ni magurudumu yanaingia ndani na milango yake inafungwa. Kisha injini zitashusha sauti na tumbo lako litakwambia tunaanguka. Tumbo halina elimu. Injini zilikuwa zinavuta kwa nguvu ya kupaa, sasa zinapumua, kama lori lililomaliza mlima Kitonga. Utasikia pia mkoromo kwenye mabawa, ni vibao vya nyuma vinarudi ndani. Wakati wa kutua mambo hayohayo yanarudiwa kinyumenyume, na mkigusa chini kutakuwa na ngurumo kama ndege imekasirika. Hizo ni injini zinasaidia breki, watu wameshazoea na wengine wanapiga makofi. Wewe usipige, utajulikana ni mara ya kwanza.

Kuhusu ndoto ya pangaboi lililosimama: injini ni mbili, na ndege ya abiria ya namna hiyo haipewi kibali mpaka ithibitishwe kwamba moja ikizima wakati wa kupaa, iliyobaki inaweza kuendelea kuipandisha. Kwa hiyo ukiota tena, ota na la upande wa pili.

Sasa mtikisiko. Ukikaa karibu na bawa utaliona linacheza juu, chini, kama ubao wa kitanda cha mninga kisichokazwa. Usimwite mhudumu. Wewe ni fundi chuma, unajua kinachotokea kwa chuma kilichokataa kupinda. Mwaka 2010 wakati wa kuijaribu Boeing 787 waliyavuta mabawa yake kwenda juu kiasi cha mita saba na nusu, kwa mzigo wa mara moja na nusu ya ule mkubwa kabisa unaotegemewa kuupata maishani, nayo hayakukatika. Geti gani la Tabata limewahi kujaribiwa hivyo? Na kale kashimo kanakokutoa roho, ukidhani mmeshuka ghorofa kumi, mara nyingi ni mita chache tu. Funga mkanda, ubane nyonga vizuri. Wanaoumia kwenye mitikisiko kwa kawaida ni wale waliosimama au walioulegeza mkanda kwa ujuaji.

Kama tiketi bado zinabadilishika, chagua za asubuhi, kabla jua halijachemsha ardhi na kupandisha mawingu ya mchana. Ziwa nalo lina tabia yake, radi zake hupiga zaidi usiku kuamkia asubuhi. Mkichelewa kuondoka kwa sababu ya hali ya hewa Mwanza, usilalamike na wenzako pale kwenye viti vya kusubiri. Furahi. Umesikia mtu amekataa kuondoa gari kwa sababu ya mvua, lini mara ya mwisho?

Na najua jambo usiloliandika, kwa sababu kila anayepanda ndege kwenda Kanda ya Ziwa analibeba. Tarehe 6 Novemba 2022, pale Bukoba, ndege iliingia ziwani ikiwa karibu kabisa na uwanja. Walikuwa watu 43. Wakafariki 19. Sitakutania hapo, wala sitakwambia usiwafikirie. Nakukumbusha tu kwamba 24 walitoka, na kwamba wavuvi walifika na mitumbwi yao wakaanza kuokoa. Tangu siku ile binti anapoonyesha vazi la kujiokolea, mimi naweka gazeti chini na kumtazama. Vazi lile hulijazi upepo ukiwa ndani ya ndege, unalijaza ukishafika mlangoni kutoka. Hesabu viti vilivyopo kati yako na mlango wa karibu, mbele na nyuma. Na hiyo nayo ni kazi.

Moyo ukianza kudunda hata hivyo, vuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne, itoe kwa kuhesabu hadi sita au nane, polepole, kama unayepoza chai. Hiyo pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayoutuliza moyo. Kahawa ya asubuhi hiyo iache, itakuongezea ngoma. Bia ya "kutoa woga" iache pia: ukilewa wanaweza kukuzuia kupanda, na mkwe wako wa Mwanza atakuja kukupokea ukiwa bado Dar.

Bila familia kujua, hapo siwezi kukusaidia. Endelea kusoma ukurasa huu hadi chini utaelewa kwa nini. Au, nikifikiria vizuri, usisome hadi chini.

*

*Mjomba, mimi ni mtu wa hesabu. Mke wangu anaogopa ndege, nikaamua kumtuliza kisayansi. Nikamwambia Shirika la Afya Duniani linakadiria ajali za barabarani zinaua takriban watu milioni 1.19 kwa mwaka, na za ndege hazikaribii hata kidogo. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kumbe hata kwenda uwanjani kwa teksi tunaweza kufa?" Sasa hataki kutoka nyumbani kabisa, na mwiko alionirushia umenipata sikioni. Nimekosea wapi?*
*— Mwanatakwimu, Dodoma*

Ulikosea kutokwepa.

Mambo yako ni sahihi, mdogo wangu, ila umempa mtu anayetetemeka milioni moja na ushee ya maiti akae nazo sebuleni. Mshike mkono. Mwambie na wewe mara ya kwanza ulitetemeka. Kama hukutetemeka, danganya.

*

*As-salamu alaykum Mjomba. Sisi tuko Mombasa, likizo hii tunaenda Muscat kumzuru dada yake mume wangu, na watoto. Mume wangu hapendi ndege. Ameniambia nisiwe na wasiwasi, amepata dawa: atatafuna miraa usiku kucha kabla ya safari, "steam" ikipanda ataingia ndani kama simba, na chache ataweka mfukoni za njiani. Waonaje?*
*— Mama Watoto, Majengo*

Wa alaykumu s-salaam, binti yangu. Nimeisoma barua yako nimesimama.

Tuanze na mwili. Miraa huamsha, haitulizi. Moyo utaenda mbio, usingizi atakuwa hana, midomo imekauka, macho yametoka, na akili itachambua kila mlio wa ndege mara arubaini. Huyo si simba, huyo ni paka aliyemwagiwa maji, naye atakuwa amekaa kati yako na mtoto.

Halafu mfuko. Oman miraa ni marufuku, inahesabiwa pamoja na dawa za kulevya. Usikague koti lake tu. Kagua mifuko ya suruali, soksi, kibeti, na ule mfuko mdogo wa ndani wa begi ambao yeye anadhani huujui. Hata jani lililokauka likabaki kwenye pindo, toa. Halua ya kumpelekea wifi unaruhusiwa, ingawa kupeleka halua Muscat ni kama kupeleka nazi Lamu. Usiku huo mpe maziwa ya moto, alale. Akiuliza miraa zimekwenda wapi, mwambie zimesafiri kabla yake.

*

*Shikamoo Babu Mjomba. Mimi nina miaka kumi, ninaishi Tabata. Likizo tunaenda Mwanza kwa bibi, kwa ndege. Baba anaogopa lakini anasema ni mgongo. Juzi nilimwona amekaa kwenye kochi amejifunga na mkanda wa suruali, amefumba macho, anahesabu. Mama anasema yeye haogopi kitu, lakini ameandika nyuma ya daftari langu la hesabu nani achukue cherehani. Mimi siogopi. Swali langu ni nani akae dirishani, mimi au mdogo wangu? Yeye ana miaka mitano, hana cha kuona.*
*— Nisiandikwe jina*

Marahaba, mjukuu wangu nisiyekujua kabisa, wala sijawahi kupata barua nyingine kutoka Tabata.

Mtoto wa miaka mitano ana mengi ya kuona kuliko babu yako mimi niliyetazama uzi. Lakini mkipanda pangaboi, viti ni viwili viwili kila upande, kwa hiyo madirisha yenu ni mawili na ugomvi umekwisha. Mdogo wako akae na mama. Wewe kaa na baba. Mwambie mama, siku ya kuchagua viti, aombe vya usawa wa bawa, hapo ndege hutikisika kidogo kuliko mkiani.

Beba pipi, za kutosha wote wanne. Ndege ikipanda na hasa ikishuka, masikio huziba. Kumeza mate na kutafuna huyafungua. Pipi ya baba mpe mkononi imeshamenywa, huenda vidole vyake vitakuwa na shughuli nyingine.

Na usimwambie kwamba unajua. Muulize maswali. Mkisikia "gudu!" muulize, "Baba, hiyo nini?" Injini zikishusha sauti, muulize tena. Bawa likicheza, muulize kwa nini halikatiki, yeye ni fundi, atakueleza mpaka mpite Dodoma. Usimpe nafasi ya kupumua hadi mtakapoona mawe makubwa ya Mwanza na maji. Majibu yote anayo, mengine amehifadhi wiki hii hii.

Ule ukurasa wa mama usiuchane. Mwalimu hajasahihisha upande wa pili.

Baba yako akirudi kutoka kazini atalitafuta gazeti hili. Mpe, lakini kwanza chana kipande hiki cha chini.