YAH: Kufufuliwa kwa Magari na Kuunganishwa na Wajina Wao

Kwa Waheshimiwa Wahariri wa Kamusi Elezo za Magari,
Popote mlipo.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nawapongeza. Gari likifa, kiwanda kikatulia miaka kadhaa, kisha kikabandika jina lilelile kwenye gari jingine kabisa, ninyi hamjisumbui kuanzisha ukurasa mpya. Mnaongeza aya chini ya marehemu, mnasogeza mbele mwaka wa mwisho wa uzalishaji, mnakwenda zenu kunywa chai.

Kanuni tamu hiyo. Bahati mbaya ipo Volkswagen Beetle. Ile ya asili, injini nyuma, inapozwa kwa upepo, rejeta haina, ilitoka kwa mara ya mwisho kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, ikiwa ya 21,529,464. Lakini New Beetle ilishaanza kuundwa Puebla hukohuko tangu 1997: injini mbele, maji kwenye rejeta, na chini ya lile bodi la mviringo ni Golf tupu. Kwa miaka kama sita hivi, gari la kale na hilo linaloitwa ufufuo wake yakawa yanatoka kiwanda kimoja. Ni ufufuo gani huo, waheshimiwa, wakati anayefufuliwa bado yuko zamu?

Msomaji wenu anaanza na injini ya nyuma, akifika katikati ya ukurasa anaikuta mbele, na hakuna aliyemwambia imehama lini. Akitaka kujua gari lililoshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, ataambiwa Beetle, na mwenye New Beetle, ile yenye kikopo cha kuchomekea ua kwenye dashibodi, atavimba kichwa bure.

Hata hivyo nataka kanuni yenu initoe na mimi. Nimeitwa jina la babu, kama ilivyo desturi. Kwa hesabu zenu, miaka yake yote ya kazi ni yangu, na pensheni pia. Naomba mniandikie barua ya utambulisho niipeleke dirishani, maana karani wa pale ana tabia mbaya ya kutazama tarehe ya kuzaliwa.

Ford Capri sitaikalia sana. Ya zamani ilikuwa na milango miwili ya abiria na boneti ndefu, ikafungiwa kazi 1986. Ya 2024 ina milango mitano, inatumia umeme, na jukwaa lake la chini limetoka Volkswagen. Zinachochangia ni jina na jiji la Köln. Toyota Supra nayo ilikoma 2002, ikarejea 2019 kutoka Graz, Austria, ilikoundwa pamoja na BMW Z4, ikiwa na injini ya BMW. Kijana aliyeabudu injini ya 2JZ ya Supra ya zamani maisha yake yote afungue boneti hiyo, kisha aniambie kama amemkuta aliyemfuata.

Kesi ya kujadili ni Land Rover Defender. La zamani lilikoma Solihull, Uingereza, Januari 2016, likiwa bado na fremu ya ngazi na eksili nzima mbele na nyuma. Jipya lilizinduliwa 2019, linaundwa Nitra, Slovakia. Bodi lake la alumini ndilo fremu, na kila gurudumu lina sespensheni yake. Sasa angalieni: jina Defender lenyewe lilibandikwa 1990 juu ya gari lililokuwa barabarani tangu 1983, ambalo ukoo wake unaanzia 1948. Hapo jina lilibadilika, gari likabaki, nanyi mkawa na akili ya kuliacha kwenye ukurasa mmoja. Iweje basi gari likibadilika na jina likabaki, akili hiyo iende likizo?

Mtanitolea Corolla. Ni kweli, ilianza 1966 ikisukumwa na magurudumu ya nyuma, miaka ya 1980 ikahamia ya mbele, na bado ni Corolla. Lakini Corolla haikuzikwa. Toleo lilipokea zamu kwa toleo, kazi ileile, mteja yuleyule, na mafundi walipata nafasi ya kuzoea. Hiyo ni historia ya gari moja. Capri ya sasa ni uamuzi wa kikao cha masoko.

Kama mnahitaji mafunzo, nendeni duka lolote la spea Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, mkaombe pampu ya maji ya Defender. Muuzaji hatanyanyuka kwenye stuli. Atauliza: ya injini gani, 300Tdi au Td5? Akiona mnababaika, atadai namba ya chesisi. Yule bwana hana shahada ya ukutubi, ila hajawahi kumuuzia mtu kifaa cha wajina wa gari lake akabaki na mteja.

Ombi langu ni dogo. Gari lililorudi kutoka kaburini na injini nyingine, umbo jingine na kazi nyingine lipewe ukurasa wake, mwaka wake, na mstari mmoja wa kumwelekeza msomaji kwa wajina wake. Wino utakaotumika nitachangia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Msomaji.

Nakala: Idara za masoko za viwanda husika, kwa taarifa, kwa kuwa ndizo zinazohariri kamusi zenu.