Kruzi: Mguu Usio na Macho

Kruzi, yaani mfumo wa gari unaoshikilia mwendo uliochaguliwa na dereva bila yeye kuendelea kukanyaga pedali ya mafuta, ni kifaa chenye kazi moja tu, na madhila mengi yanayowapata watumiaji wake hutokana na kukidhania kuwa kina kazi mbili. Kilichokabidhiwa kwake ni kazi ya mguu wa kulia. Kazi ya macho, ya masikio na ya busara haimo katika mkataba. Hata hivyo, binadamu akishaona mguu wake umepewa likizo, huwa mwepesi mno wa kuvigawia viungo vingine likizo hiyo hiyo.

Chimbuko la kifaa hiki ni maongezi. Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1890 katika mji wa Hagerstown, jimbo la Indiana, alipofuka akiwa na umri wa miaka 5 kwa ajali ya kisu, na kwa hiyo alizoea kusafiri akiwa abiria anayeupima mwendo kwa mgongo na shingo. Inasimuliwa kwamba wakili wake, kila alipomwendesha, alipunguza mwendo alipokuwa akizungumza na kuuongeza alipokuwa akisikiliza, hata safari ikawa ya mikikimikiki. Kwa kuwa kumnyamazisha wakili ni kazi iliyo nje ya uwezo wa uhandisi, Teetor aliingia karakana. Hataza ya uvumbuzi wake ilitolewa mwaka 1950, na mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza magari yenye kifaa hicho. Mtu aliyewapumzisha madereva mguu hakuwa na uwezo wa kuona. Ni madereva wenyewe walioamua kwamba macho yao nayo yapumzike.

Utendaji wa kruzi si fumbo. Kihisi, ambacho ni kifaa kidogo cha kupimia, huhesabu mizunguko ya magurudumu na kuipeleka habari hiyo kwenye kompyuta ya gari. Kompyuta huulinganisha mwendo uliopo na mwendo ulioagizwa kwa kitufe cha usukani. Na tofauti ikionekana, hupanua au kubana kilango kinachopitisha hewa iingiayo katika injini, ambacho zamani kilivutwa kwa waya na siku hizi huzungushwa na mota ndogo ya umeme. Mzunguko huu wa kupima, kulinganisha na kusahihisha ni mkongwe kuliko gari lenyewe, kwani mwaka 1788 James Watt aliutumia katika injini ya mvuke, kwa gavana, yaani kidhibiti mwendo, yenye tufe mbili ambazo zilitanuka kadiri zilivyozunguka kwa kasi na, kwa kutanuka huko, zikaupunguza mvuke.

Ugumu hujitokeza mlimani. Kompyuta ikiongeza nguvu kwa kadiri ya pengo lililopo tu, gari hutulia chini kidogo ya mwendo ulioagizwa, kwa sababu pengo likishakuwa dogo nguvu nayo hupungua ilhali mlima haujaisha. Kwa hiyo huwekwa hesabu ya pili inayolimbikiza mapengo yote yaliyopita, mithili ya muuza duka mwenye daftari la madeni asiyesahau hata shilingi ya kiberiti, na hesabu ya tatu inayoangalia pengo linakua au linapungua kwa haraka gani, ili gari lisipitilize. Pale ambapo hesabu hizo hazikupangwa vizuri, gari hufika kileleni likinguruma kwa hamu ya kulipwa deni lote kwa mkupuo, wakati dereva amekwisha kusamehe na abiria wa nyuma amekwisha kumwagikiwa na soda.

Katika mteremko mambo hugeuka. Kruzi ya kawaida inajua kuinyima injini nguvu lakini haijui kukanyaga breki, hivyo gari lililoagizwa kwenda kilomita 100 kwa saa huweza kufika 115 kwa uzito wake tu, na dereva akajikuta akimweleza askari wa usalama barabarani, kwa unyofu kamili, kwamba yeye aliagiza 100. Utetezi huo ni wa kweli, ila haujawahi kupunguza faini. Wakati wa mvua tahadhari huwa kubwa zaidi, na vitabu vya maelekezo ya magari mengi huonya kwamba kruzi isitumike kwenye barabara inayoteleza, kwa sababu mguu huu wa mashine hautambui utelezi kwa namna ambayo dereva aliyewahi kuanguka matopeni huutambua.

Kero nyingine hutoka katika kumbukumbu. Dereva akigusa breki au klachi, kruzi huacha kazi papo hapo, lakini mwendo ulioagizwa hubaki umehifadhiwa, ukisubiri kitufe cha kuurejesha. Basi hutokea kwamba mtu ametoka barabara kuu alikokuwa akienda 110, ameingia mtaani kwa mwendo wa 45, na katika kutafuta kitufe cha redio anabonyeza jirani yake. Gari, kwa utiifu ambao angeupenda sana kwa watoto wake, linaanza kutafuta 110 mbele ya genge la nyanya. Breki humwokoa, endapo mguu utaiona upesi, kwa sababu mguu uliokaa bure kwa muda mrefu huwa umejikunja chini ya kiti ukidhani siku imekwisha.

Kielelezo cha mwisho cha kosa la kukidhania kifaa hiki kuwa kina kazi mbili ni kisa kilichosambaa Marekani kwa miaka mingi, cha dereva wa gari-nyumba aliyewasha kruzi kisha akaenda nyuma kujichemshia kahawa. Kisa hicho ni uzushi, lakini kilienea kwa sababu kila msikilizaji alimfahamu mtu mmoja anayeweza kufanya hivyo.

Afrika Mashariki ina ndugu wa kifaa hiki, naye ni gavana ya mwendo, ambayo kanuni za mwaka 2003 za Waziri John Michuki nchini Kenya ziliilazimisha kwa matatu ili zisizidi kilomita 80 kwa saa. Ndugu hawa wana tabia tofauti, kwani kruzi hulinda mwendo usishuke, ilhali gavana hukataza usipande tu. Kruzi yenyewe hupata shida kustawi katika barabara kuu za Tanzania, zinazokatiza vijijini penye vibao vya 50, matuta, ng'ombe na askari mwenye tochi ya kupimia mwendo, kiasi kwamba kabla dereva hajamaliza kujisifia kitufe chake, breki imekwisha kukifuta.

Jawabu la wahandisi lilikuwa kuupa mguu macho. Mwaka 1999 Mercedes-Benz iliingiza sokoni kruzi yenye rada, chombo kinachotuma mawimbi na kupima yanavyorudi kutoka kwenye gari lililo mbele, ili mwendo upungue wenyewe na nafasi ibaki. Madhila hayakwisha, bali yalibadili sura: dereva anayepiga soga hujikuta amelifuata lori la mchanga kwa nusu saa nzima, kwa adabu na umbali usiobadilika, akiwalaumu watengenezaji kwa injini kukosa nguvu. Watengenezaji nao wameandika kwamba mwenye jukumu ni dereva daima. Onyo hilo limo katika kitabu cha maelekezo, ambacho hulala katika kisanduku cha dashibodi kikiwa bado ndani ya nailoni yake na ambacho, katika magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa, kimeandikwa kwa Kijapani fasaha.